UZI: Kupandisha Land Cruiser HZJ79 na kuimarisha stelingi, tupange kabla ya kufungua bolti

Pikapu79

Wakuu habari za leo. Naomba tupange kazi hii pamoja kabla sijaagiza kitu.

Gari ni Land Cruiser HZJ79, kebini moja, injini 1HZ, mbele koili, nyuma springi za majani. Tairi 7.50R16 kwenye rimu za chuma za inchi 6. Kazi yake ni kubeba vifaa vya kambi: mahema, maji, jenereta, chakula. Njia zake ni Mto wa Mbu hadi Engare Sero, Loliondo, na masika linaingia kwenye mbuga yenye udongo mweusi. Mzigo kamili nyuma ni kama kilo 600, na kilo 400 kati ya hizo hazishuki mwaka mzima (bodi ya chuma, makabati, tangi la maji, zana).

Kitakachoongezeka ni bampa la chuma na winchi mbele, jumla kilo 100 hivi.

Stelingi kwa sasa: usukani una mchezo wa upana wa vidole viwili kabla tairi hazijageuka, na ikifika 70 kwa saa ikipiga shimo, mbele inatikisika kidogo halafu inatulia.

Maswali: inchi 2 au 4? Nianze na springi au stelingi? Na naomba orodha ya vitu na idadi yake.

Jani la Nne

Mkuu, inchi 2. Yaani milimita 50. Gari la kubeba mzigo likipanda inchi 4, kitovu cha uzito kinapanda nalo, na wewe una bodi na mahema juu. Isitoshe, inchi 4 zinadai propela, hozi za breki, amu mpya za mbele (zile fimbo mbili zinazoshika ekseli) na pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi), yaani kazi nyingine kabisa. Tope la mbugani halishindwi kwa urefu wa springi, linashindwa kwa tairi na upepo. Kinachogusa tope kwanza ni difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, na difu haipandi hata milimita moja ukiongeza springi. Difu inapandishwa na tairi tu.

Kabla ya kuongea inchi tuongee kilo, maana springi inaagizwa kwa kilo.

Mbele: kilo 100 za bampa na winchi haziongezi kilo 100 kwenye ekseli ya mbele, zinaongeza zaidi, kwa sababu zimening'inia mbele ya ekseli. Gari yako ina milimita 3180 kutoka ekseli hadi ekseli. Uzito wa bampa ukikaa sentimita 90 mbele ya kitovu cha gurudumu: 90 ÷ 318 = 0.28. Ekseli ya mbele inapokea kilo 128, na ya nyuma inapunguziwa 28. Kwa hiyo agiza koili za mbele za gari lenye bampa la chuma na winchi. Watengenezaji wanazitenganisha: ya gari tupu, ya bampa peke yake, ya bampa na winchi. Ukichukua ya gari tupu, ule mnyanyuko unaoulipia utamezwa na winchi siku ya kwanza.

Nyuma: usiagize kwa kilo 600, agiza kwa kilo 400 za kudumu. Pakiti ya majani iliyopangwa kwa mzigo ambao hubebi kila siku itakurusha ukiwa mtupu, na kwenye barabara ya makorogesheni (vituta vidogo vinavyofuatana) tairi la nyuma halitashika ardhi.

Kama hujui ugumu wa springi ulizonazo, pima mwenyewe. Paki kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, tangi la dizeli limejaa. Sukuma gari mbele na nyuma mita mbili, litingishe, liache litulie. Pima kutoka katikati ya kifuniko cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Kisha weka mifuko minne ya saruji ya kilo 50 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, miwili kila upande, pima tena. Kilo 200 zikishusha milimita 20, springi zako mbili kwa pamoja ni kilo 10 kwa milimita. Hapo unajua kilo 400 zinakula milimita 40. Namba hiyo ukimpa muuzaji, anakuchagulia pakiti bila kubahatisha.

Tope Jeusi

Swali dogo wakuu. Kuna fundi anasema aongeze jani moja nyuma na mbele aweke vipande vya mpira juu ya koili. Gharama ni ndogo mno ukilinganisha na seti. Ina ubaya?

Jani la Nne

Tope Jeusi, mpira au spesa juu ya koili inainua gari lakini haiongezi nguvu ya koili. Kilo 128 zile bado zitabonyeza koili ileile iliyochoka. Halafu shokapu ni ya urefu uleule: gurudumu likining'inia, shokapu ndiyo inayofika mwisho kwanza na kuvutwa kama kamba. Inavuja pale kwenye sili, au inang'oa kishikio cha juu.

Jani moja la kuongeza lina kazi yake kama gari ni la mzigo tu, lakini likatwe kutoka springi ya upana na unene uleule, likae chini ya jani kuu kwa mkunjo unaofuatana. Mara nyingi linaletwa jani nene lililonyooka. Linabeba mzigo wote peke yake, linavunjika kwenye tundu la senta bolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja).

Na kuna kupiga springi, yaani kukunja majani ya zamani kwa nyundo ili yapande. Yakipigwa baridi yanapanda kisha yanarudi chini baada ya miezi. Yakichomwa moto kwa gesi ndiyo mbaya zaidi, chuma kinapoteza ugumu wake na kuanzia hapo kinalala.

Fundi Mnyoofu

Nimeona mambo ya stelingi bado hayajaguswa, na kwa maelezo ya mleta uzi hapo ndipo pa kuanzia. Mtikisiko kwenye 70 ukiwa upo leo, utakuwa mkubwa mara ukipandisha gari. Usifungue koili hata moja kabla hujaua huo mchezo.

Jipe nusu siku ya kukagua, na msaidizi mmoja. Gari liko chini kwa magurudumu yake, siyo kwenye jeki. Choki nyuma ya tairi, handbreki, gia iko huru, injini inawaka ili pampu ya stelingi ifanye kazi. Msaidizi ageuze usukani robo kushoto, robo kulia, harakaharaka, asifike mwisho. Wewe ulale pembeni na tochi. Weka vidole kwenye kila jointi, nusu ya kidole kwenye kikombe cha tairodi endi (jointi ya mwisho wa fimbo) na nusu kwenye mkono wa nako (sehemu inayogeuka na gurudumu). Jointi nzima inazunguka taratibu. Iliyokufa inaruka, unasikia "tk" kwenye kidole kabla nako haijasogea. Fuata mstari kutoka juu: kapulingi ya shafti ya usukani, boksi, pitmani, draglinki (fimbo kutoka pitmani hadi nako), nako, tairodi (fimbo inayounganisha nako mbili), nako ya pili. Ziko tairodi endi nne: mbili za draglinki, mbili za tairodi.

Kisha angalia panhadi, ile fimbo ndefu inayoshika ekseli isiende kushoto wala kulia. Usukani ukitikiswa, bushi zake hazitakiwi kuonyesha mwendo. Bolti yake ikiwa imelegea, tundu la kwenye mabano linakuwa duara la yai, na hapo bushi mpya haisaidii kitu. Tundu lijazwe kwa kuchomelea na kutobolewa upya, au bamba jipya. Kwenye gari zenye ekseli nzima mbele, panhadi iliyolegea ndiyo mama wa mtikisiko unaoanza baada ya shimo.

Safisha chesisi pale boksi la stelingi lilipofungwa. Piga brashi ya waya mpaka uone rangi au chuma, tafuta ufa kuzunguka bolti. Tope likikauka pale linaficha ufa vizuri sana.

Sasa inua mbele, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Mchezo ukiwepo, msaidizi akanyage breki: ukipotea ni beringi za gurudumu, ukibaki ni king pini beringi, zile ambazo nako inageukia. Tazama pia mpira wa nyuma ya nako. Ukiona supu nyeusi ya grisi na oili ya difu inachuruzika, sili ya ndani imekufa na king pini beringi zinaoga humo. Na ukiwa hapo, kagua stadi (bolti zisizo na kichwa) za mkono wa nako. Kwenye ekseli hizi zinajulikana kwa kulegea, na zikilegea zinakatika. Ng'oa, safisha nyuzi, rudisha washa zake za koni, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Stelingi dampa, ile shokapu ndogo ya stelingi, nimeiacha mwisho makusudi. Dampa haitibu mtikisiko, inaufunika. Funga mpya baada ya kila kitu kuwa kizima.

Pikapu79

Fundi Mnyoofu, shukrani sana, nitafuata mstari huo. Je, mchezo ukiwa ndani ya boksi lenyewe, ile skrubu ya juu naikaza?

Fundi Mnyoofu

Kidogo, na kwa utaratibu. Kwanza thibitisha jointi zote ni nzima, maana watu wanakaza boksi kumbe tatizo ni tairodi. Weka usukani katikati halisi ya boksi: zungusha kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu. Pale katikati ndipo boksi linapobana zaidi kwa muundo wake. Legeza lok nati, shikilia skrubu, kaza robo mzunguko, funga nati, jaribu kona mwisho hadi mwisho. Usukani ukikwama mahali popote, au baada ya kona haurudi wenyewe, umezidisha, rudisha. Boksi lililobanwa linakula meno yake na halirudi tena kuwa zima. Oili ya pampu ni ATF ya Dexron. Kama imekuwa nyeusi, imwage yote kabla ya kuhangaika na skrubu.

Chalbi Kaskazini

Salamu kutoka Kenya. Mimi nitasema juu ya shokapu, kwa sababu barabara ya mleta uzi inafanana na zetu za kuelekea North Horr na Loiyangalani: makorogesheni kwa saa nyingi mfululizo bila kupumzika.

Huko shokapu haifi kwa shimo, inakufa kwa joto. Kila tuta dogo linasukuma pistoni, oili inachemka, inachanganyika na hewa, na baada ya nusu saa gari inaelea. Dalili: mbele inaanza kuteleza kando kwenye kona ambayo asubuhi ilipita vizuri. Simama, gusa shokapu kwa nyuma ya mkono kwa tahadhari. Moja ikiwa baridi na mwenzake moto sana, ile baridi ndiyo imekufa, haifanyi kazi yoyote.

Chagua zenye mwili mnene, kwa sababu oili nyingi inachukua muda zaidi kupata moto. Old Man Emu, Ironman, Tough Dog, Koni, zote zina modeli ya 79, lakini soma kodi ya shokapu na urefu wake ukiwa imefunguka na imefungwa. Kwa kupanda 50 mm, shokapu ya urefu wa kawaida haitoshi.

Punguza upepo ukiacha lami. Toa karibu robo ya upepo wa lami na upunguze mwendo vilevile, kwa sababu tairi laini ikikimbizwa inapata moto. Hii inasaidia shokapu kuliko pesa yoyote utakayoongeza dukani. Na ukirudi lami, jaza tena.

Spana 19

Naongezea kwenye shokapu: kabla ya kufunga mpya, pima mwendo wake kwenye gari. Toa koili, inua ekseli kwa jeki taratibu mpaka mpira wa kugongea (unaozuia ekseli isigonge chesisi) uguse, pima umbali kati ya vishikio viwili vya shokapu. Umbali huo lazima uzidi urefu wa shokapu iliyofungwa kwa angalau milimita 10 hadi 15. Kama haufiki, shokapu inagonga ndani kabla ya mpira, na inatoboka chini. Dawa yake ni kushusha mpira wa kugongea kwa kipande cha milimita 25 hadi 40.

Ukiwa umeshusha ekseli hadi mwisho wa kuning'inia, geuza usukani kushoto kabisa na kulia kabisa, tazama hozi za breki. Isinyooke kama uzi wa gitaa. Tazama na mpira wa kupumulia wa difu, huwa unasahaulika na kuchomoka. Gari likiingia mtoni difu linanyonya maji.

Jani la Nne

Jambo moja la nyuma ambalo mafundi wengi wanalipita. Zile 79 zisizo na ABS zina valvu ya breki inayosoma mzigo: fimbo inatoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Gari likikaa chini, valvu inajua kuna mzigo, inaongeza breki nyuma. Ukipandisha milimita 50 bila kuigusa, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na kilo 600. Breki za mbele zinafanya kazi yote, na kwenye mteremko wa kreta ya Ngorongoro hutaki hilo. Inua kishikio cha fimbo kwa kiasi kilekile gari lilichopanda, kisha hakikisha ukiwa na mzigo fimbo inacheza.

Mwendo Pole

Wakuu nami nina swali. Gari likipandishwa, kwa nini usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani? Niliambiwa ni alaimenti, lakini mashine ya alaimenti inasema kila kitu kiko sawa.

Fundi Mnyoofu

Mwendo Pole, hiyo ni kasta, na ndilo somo lenyewe la uzi huu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Tazama gurudumu la mbele la baiskeli. Uma wake umelala nyuma kidogo kwa juu, na hilo linaisaidia kwenda mbele hata ukiachia mikono. Nako ya gari nayo imelala hivyo. Kulala huko ndiko kasta. Ndiko kunakorudisha usukani baada ya kona na kunakonyoosha gari kwenye mwendo.

Kwenye 79 ya koili, ekseli inashikwa na amu mbili ndefu zinazotoka kwenye ekseli kwenda nyuma kwenye chesisi. Ukipandisha chesisi, mwisho wa nyuma wa amu unapanda nayo, amu inainama, na kwa kuwa ekseli imefungwa kwenye amu kwa bolti mbili kila upande, ekseli nayo inazunguka. Juu ya nako kunaenda mbele. Kasta inapungua. Hesabu yake ni rahisi: milimita ulizopanda, gawa kwa urefu wa amu, zidisha kwa 57.3. Amu ikiwa na sentimita 90, milimita 50 zinakula digrii 3.2. Ekseli hizi zinataka kama digrii 3 hadi 4. Ukipanda bila kurekebisha unabaki karibu na sifuri, na gari linatangatanga hata kama mashine inasema tou (jinsi tairi mbili za mbele zinavyoelekeana) iko sawa, kwa sababu gereji nyingi zinapima tou peke yake.

Hata ukipandisha nyuma tu, kasta inapungua: gari linainamia mbele. Milimita 50 nyuma, kwenye gari lenye milimita 3180, zinakula kama digrii 0.9. Kwa hiyo kasta ipimwe gari likiwa na mzigo wake wa kila siku, siyo tupu.

Dawa ya milimita 50 ni bushi za kasta, zile ambazo tundu halipo katikati. Zinaingia upande wa ekseli, bushi nne. Mwelekeo ndio unaokosewa: tundu la bushi ya mbele likae juu, tundu la bushi ya nyuma likae chini. Hapo juu ya ekseli kunarudi nyuma. Ukizigeuza unaongeza ubaya badala ya kuutoa. Chora alama kwa patasi kwenye jicho la amu kabla ya kuingiza, maana presi ikishabana hakuna kuzungusha. Presi iwe ya tani 12 kwenda juu. Nyundo inapinda ganda la bushi. Chukua za raba, siyo za plastiki ngumu: amu hizi zinahitaji kujipinda ekseli ikivuka mawe, na bushi ngumu inahamisha pindo hilo kwenye mabano ya ekseli mpaka yapasuke.

Usizidishe. Kila digrii ya kasta unayorudisha inashusha pua ya difu ya mbele, na pembe ya spaida (jointi) ya propela inakua. Ukifunga haba za mbele (kuweka 4x4) na kusikia mvumo kwenye 60 kwa saa, umefika huko.

Kupima bila mashine: weka kipimo cha pembe, au simu yenye programu hiyo, juu ya sehemu bapa ya kifuniko cha king pini, tairi zikitazama mbele. Andika namba kabla ya kazi na baada ya kazi, mahali palepale pa kupaki. Tofauti ndiyo inayokuambia ukweli.

Tope Jeusi

Sasa hapa nimeelewa. Panhadi nayo inabadilishwa?

Fundi Mnyoofu

Kwa milimita 50 siyo lazima, ila kwa kazi ya mleta uzi naipendekeza, kwa sababu bushi zake zitabadilishwa hata hivyo. Panhadi inavuta ekseli upande ule ilipofungwa kwenye chesisi. Fimbo ya milimita 900 iliyokuwa imeinama milimita 100, ikiinama 150 inasogeza ekseli milimita 7. Ukiwa na panhadi ya kurefusha unairudisha. Teremsha timazi kutoka reli ya chesisi kila upande, pima hadi ukingo wa rimu, pande zilingane. Fanya hivyo gari likiwa chini.

Baada ya hapo usukani utakuwa umekaa upande. Hapa kuna kosa ambalo naomba kila mtu alikumbuke: fundi anang'oa usukani na kuurudisha umenyooka kwenye meno mengine. Usikubali. Boksi linabaki nje ya katikati yake, pale lisipobana, na mchezo uliouondoa umerudi. Usukani unanyooshwa kwenye draglinki. Boksi likae katikati, tairi zitazame mbele, zungusha bomba la draglinki mpaka tundu na boli vikutane, kisha funga klampi.

Ndipo tou. Inua kila tairi, izungushe huku umeshika chaki katikati ya meno yake, ipate mstari. Shusha, sukuma gari mbele mita tatu, usirudishe nyuma. Pima mstari hadi mstari, mbele na nyuma ya tairi, kwa urefu wa kitovu. Mbele iwe fupi kwa milimita 1 hadi 3. Inarekebishwa kwenye tairodi, na bomba lake lina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine.

Spana 19

Kwa tairodi endi: koni isipakwe grisi wala oili, iwe kavu na safi. Kaza kwa kipimo, na tundu la spiliti pini lisipolingana, endelea kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nati nyuma hata kidogo.

Pikapu79

Nimejipangia orodha hivi, naomba msahihishe:

koili 2 za bampa na winchi, pakiti 2 za majani kwa kilo 400 za kudumu, u-bolti 4 mpya na nati 8, bushi na pini za springi za nyuma pande zote, na shako (vishikio vinavyoning'iniza mwisho wa springi) jozi 2, shokapu 4 ndefu, bushi za kasta 4 na bushi 2 za chesisi za amu, panhadi ya kurefusha 1, tairodi endi 4, dampa 1, vipande 2 vya kushusha mpira wa kugongea, seti ya matengenezo ya nako, kulia na kushoto, pamoja na stadi.

Tairi nilitaka 285/75R16.

Jani la Nne

Orodha iko sawa, ongeza hozi za breki kama Spana 19 alivyosema, ukishapima.

Tairi hapana. 285/75R16 inataka rimu ya inchi 7.5 kwenda juu; kwenye inchi 6 inafura katikati na kuliwa hapo. Ina kipenyo cha milimita 834. Chukua 235/85R16: inakaa kwenye rimu yako ya inchi 6, ina milimita 806, na upana wake mdogo unapasua tope la juu na kufika chini palipo pagumu. Kwenye mbuga nyeusi hiyo ndiyo faida. Hakikisha tu namba ya kubeba mzigo ya tairi inafaa kilo zako.

Na usisahau, kupandisha hakuongezi kilo unazoruhusiwa kubeba. Uzito wa juu wa gari unabaki ule wa kwenye bamba la kiwandani. Mjulishe na mtu wa bima yako, kwa maandishi.

Chalbi Kaskazini

Mpangilio wa siku za kazi ukoje? Makanika akifungua kila kitu mara moja anachanganyikiwa mahali tatizo limetoka.

Fundi Mnyoofu

Sahihi kabisa. Mimi ningepanga hivi. Kwanza nako, beringi, stadi na tairodi endi, gari likiwa bado chini kwa urefu wake wa zamani. Liendeshwe kilomita 200 za njia yake ya kawaida. Mtikisiko wa kwenye 70 lazima uwe umekwisha. Kama upo, hakuna kuendelea. Pili, nyuma: springi, shako, shokapu, valvu ya breki. Tatu, mbele: bampa na winchi vifungwe kwanza, ndipo koili, bushi za kasta, panhadi. Ukifunga koili kabla ya winchi, vipimo vyote unavipima mara mbili. Mwisho draglinki, tou, dampa.

Bolti zote za bushi za raba, yaani amu, panhadi, pini za springi, zibanwe kwa mkono tu gari likiwa juu. Zikazwe kwa toki renchi gari likiwa chini limebeba uzito wake. Zikikazwa ekseli inaning'inia, bushi inakaa imejipinda siku zote na inachanika mapema, na gari linakaa juu kwa uongo kwa wiki mbili kisha linashuka.

Spana 19

U-bolti za zamani zisirudishwe, zimeshavutika. Mpya zikazwe kwa msalaba, kidogokidogo, nati nne ziende pamoja. Zirudiwe baada ya kilomita 500 na tena 1000. Zikilegea, senta bolti ndiyo inayoshika ekseli peke yake, inakatika, ekseli inahama.

Pikapu79

Nimeelewa, naanza na nako wiki hii. Swali la mwisho: tairi mpya zikigusa amu kwenye kona ya mwisho, nafanyaje?

Spana 19

Kwa 235 sidhani itagusa, lakini angalia. Nyuma ya kila nako kuna bolti ya kuzuia kona yenye lok nati. Itoe nje mizunguko miwili, funga, geuza usukani mpaka mwisho, pima nafasi kati ya tairi na amu. Milimita 20 zinatosha. Fanya kulia na kushoto, na hakikisha bolti inagusa kabla boksi la stelingi halijafika mwisho wake. Pampu ikilia "ngiii" ukiwa kwenye kona kamili, boksi ndilo linalozuia, ongeza nusu mzunguko.